Breki za Gari Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 5 Agosti 1968

Leo nimekagua gari namba kumi na saba kwa mara ya pili katika mwezi mmoja, na sijui nilichokagua.

Usi, dereva wake, kaileta asubuhi kutoka shamba. Injini kashaizima lakini hakushuka, mikono bado imeshika usukani. Nikamwuliza kulikoni. Akasema juzi jioni alikuwa akiteremka Kitope, nyuma ana wachuma karafuu arubaini. Kakanyaga breki, mguu ukaenda mpaka chini. Hapana kitu. Akaisugua gari kwenye ukingo wa kushoto mpaka ikasimama. Watu wamechubuka, basi, Alhamdulillahi. Kisha akakanyaga tena — breki ipo. Kaja nayo mjini, breki ipo njia nzima.

"Gari hii inanidanganya, Msabah," kasema.

Nikaipanda mwenyewe. Nikaizungusha kwenye uwanja wa karakana mara sita. Inashika. Nikafungua magurudumu yote, nikaangalia mabomba, nikapima mafuta ya breki. Hapana panapovuja. Hapana kilichochoka.

Cheti cha 15 Julai bado kimebandikwa kwenye kioo. "Salama kwa mzigo na kwa watu." Saini yangu.

Kama Usi kasema kweli, saini yangu ya uongo. Kama saini ni ya kweli, basi Usi ... Nimesoma naye chuoni kwa maalim mmoja, tangu hatujajua kufunga viatu. Sijapata kumsikia akitunga jambo.

Jumanne, 6 Agosti

Tumeipakia magunia ya mchanga, tani tano. Nimeendesha mpaka Bububu na kurudi. Nikakanyaga breki kwa ghafla, nikakanyaga polepole, nikakanyaga nikiwa kasi. Magunia yameruka mbele. Gari imesimama kila mara kama ng'ombe aliyevutwa kamba.

Nikamwita Fundi Kurban. Yeye alikuwa na gereji yake Mlandege, na mimi ndiko nilikojifunza kushika spana. Sasa ni fundi wa serikali kama sisi, anaingia saa moja, anatoka saa nane. Kalala chini ya gari nusu saa nzima. Alipotoka kajifuta mikono kwa makini, kidole kimoja kimoja.

"Sioni kitu," kasema. Kisha: "Lakini kutoona si kusema hakuna."

Nimemwuliza nikiandike vipi hicho kwenye fomu.

Fomu ina pahala pawili tu. Nzima. Mbovu.

Jumatano, 7 Agosti

Ndugu Abrahman, mkuu wetu wa usafiri, kaniita ofisini. Hakupandisha sauti, hajapata kupandisha. Kasema karafuu zinapukutika mashambani, watu wapo, gari haipo. Kaniuliza kibovu ni nini, gari au dereva?

Nikasema bado nnatafuta.

Kasema madereva wenzake wanasema Usi kaingiwa na woga tangu alipomgonga ng'ombe pale Mwera, mwezi wa tatu. Mtu mwoga si kosa, kasema, kila mtu ana woga wake. Lakini mtu anayesimamisha kazi ya taifa kwa kuisingizia gari, hilo lina jina jengine, na jina hilo yeye hapendi kuliandika.

Nikatoka.

Nimemwuliza Usi tena, na hapa ndipo nilipozidi kupotea. Juzi kasema mguu ulikwenda chini mara moja. Leo kasema ulikwenda polepole, kama unakanyaga tope. Nikamwambia, mbona maneno mawili? Kaniangalia. Kasema, "Wewe ungekuwa unahesabu?"

Nyumbani Mwanamkasi kanitia chai, kasema mtu akiogopa sana hukumbuka vipande vipande, na kila siku hukumbuka kipande chake. Mke wangu hajui gari. Lakini nimeyaandika maneno yake hapa kwa sababu ndiyo ya pekee yaliyoniingia akilini leo.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimetia saini. NZIMA.

Abrahman kaleta dereva mwengine, Hamad, kijana wa Donge, mkono wake mzuri. Tumeondoka alfajiri, baridi bado, mimi pembeni yake, mchanga nyuma. Tumeteremka Kitope mara mbili. Mara ya pili nimemwambia asimamishe katikati ya mteremko. Kasimamisha. Tumekaa pale kama dakika moja, gari imetulia, ndege wanalia. Hamad kacheka, kasema gari hii ningeioa.

Nilitaka breki ikatike. Nnaandika kweli, hapana atakayesoma. Nilikaa pale nikiomba mguu wa Hamad uende chini, na sisi wawili ndani. Ni akili gani hiyo?

Haikukatika. Nitaandika nini basi? Nimeandika nilichokiona.

Usi kapewa fagio, asafishe uwanja mpaka atakapoitwa. Nimepita mbele yake. Kanisalimu vizuri tu.

Ijumaa, 9 Agosti

Baada ya sala Usi kaitwa ofisini, kapewa karatasi. Imeandikwa kwamba gari haikuwa na kosa, ni yeye aliyezembea. Atie saini arudi kazini, au shauri lipelekwe juu. Katia. Ana watoto wanne.

Amepewa gari namba tisa kuanzia kesho.

Mwanamkasi leo hakunitia chai.

Jumamosi, 10 Agosti

Namba kumi na saba imerudi saa kumi. Hamad kashuka upesi, kaniambia hajambo, kazi imekwenda, akaondoka. Hakucheka.

Nikaizunguka. Bampa ya mbele, upande wa kushoto, ina mkwaruzo mpya juu ya ule wa Usi, na udongo mwekundu bado mbichi.

Nimemfuata mpaka geti. Nikamwuliza. Kasema kapishana na gari la ng'ombe, njia nyembamba. Nikamwuliza wapi. Kasema hakumbuki. Mtu wa Donge, njia ile kaipita tangu yumo mgongoni mwa mama yake, hakumbuki.

Jumapili, 11 Agosti

Nimemkuta Hamad bandarini Malindi, wanashusha karafuu. Harufu yake kali mpaka macho yanatoka machozi. Nimemvuta nyuma ya magunia.

Mwanzo kakataa. Nikamwambia siandiki, sina hata kalamu. Ndipo kasema. Jana, kwenye saa tisa, jua kali, keshakwenda na kurudi mara tatu na watu. Mguu ukashuka. Polepole, kama tope. Kapeleka gari ukingoni. Watu walipiga kelele, kisha wakadhani kasimama kusudi awashushe wenzao, wakateremka wawili.

"Kwa nini hukusema, Hamad?"

"Nimemwona aliyesema anafagia."

Kaniomba nisilitaje jina lake. Nimemwahidi. Yeye kaniahidi kesho hatapakia watu, magunia tu.

Sasa nnajua na sina ushahidi. Madereva wawili wanasema mbovu. Mmoja katia saini kwamba alisema uongo. Wa pili hataki kutajwa. Na mimi, mwenye fomu, nimeandika nzima mara mbili.

Nimekwenda kwa Fundi Kurban nyumbani. Mkewe, Bi Khatun, kaniletea maji. Nimemweleza fundi bila jina la mtu. Kaniuliza jambo moja tu: saa ngapi? Nikasema Usi jioni, na ... yule mwengine saa tisa. Kasema, "Na sisi tumeipima saa ngapi?"

Asubuhi. Zote asubuhi, baridi. Nimekaa na gilasi mkononi kama mjinga.

Jumatatu, 12 Agosti — saa sita na nusu

Hamad kaiingiza gari moja kwa moja kutoka shamba, safari ya pili. Magurudumu yana moto, huwezi kuyagusa. Tumemwambia asizime injini. Nimepanda. Nimekanyaga breki — ngumu, nzuri. Fundi Kurban kasema usiuondoe mguu.

Nimekaa. Kwanza hapana kitu. Nikahesabu mpaka thalathini. Kisha nikauona mguu wangu mwenyewe unashuka. Siukanyagi zaidi, unashuka wenyewe, polepole sana, mpaka chini. Nikaachia, nikakanyaga tena. Breki ipo.

Usi alisema mara moja, akasema polepole. Yote mawili kweli. Unashuka polepole, unajua mara moja.

Nilifurahi. Aibu, lakini nilifurahi.

Saa saba na robo

Furaha imekwisha.

Kurban kaifungua pampu ya breki. Mpira wa ndani, ule unaosukuma mafuta, umevimba na kulainika kama kaimati iliyolowa. Ukipata moto unalegea, mafuta yanapita pembeni yake. Ukipoa unabana tena, na gari inampita kila mkaguzi.

Kaunusa. Kausugua kwa vidole. Kasema haya si mafuta ya breki, haya yanakula mpira. Nani kayatia?

Nimekwenda stoo. Kopo lipo kwenye rafu ya chini. Kubwa, la kijani, limeandikwa kwa herufi tusizozijua sisi sote. Mwezi wa Julai mafuta ya kawaida yalikwisha. Nilikwenda kwa Abrahman, nikarudi na kopo hili. Nikatia mwenyewe. Nikakagua mwenyewe. Nikatia saini.

Nakumbuka mkono wake ukinipa kopo. Kama alisema "haya ni ya breki," au mimi nilimwomba ya breki na yeye akanipa tu — sikumbuki. Nimekaa chini ya rafu, nimejaribu kukumbuka uso wake, dirisha, siku. Nakumbuka mkono tu.

Kisha nikalifungua daftari la Julai. Kopo limetiwa gari tano. Kumi na saba. Nne. Kumi na mbili. Ishirini na moja. Tisa.

Tisa ni ya Usi.

Saa tisa

Nimemwambia Abrahman. Nimemwambia yote isipokuwa jina la Hamad. Nilikuwa nimejitayarisha kwa maneno yangu na sikuwa nimejitayarisha kwa uso wake. Umekuwa mweupe. Kauliza jambo moja. "Nani alikwambia yale ni mafuta ya breki?"

Nimefungua mdomo. Nikasema: "Nimetia mimi."

Kaniangalia muda. Nadhani na yeye anajaribu kukumbuka. Kisha kakamata simu. Haki yake nimpe — hakungoja karatasi. Kapiga Mahonda, kapiga Mkokotoni, kasema gari hizo zisimamishwe zilipo, watu washuke, zisisogezwe.

Namba nne ilikuwa imelala hapa hapa uwanjani. Kumi na mbili imezuiwa Mahonda. Ishirini na moja, Mkokotoni, tupu.

Tisa haijulikani. Karani anasema imepelekwa Kinyasini kwa wachuma. Daftari la safari linasema Jozani, kuchukua miti. Mlinzi wa geti anasema Usi kaambiwa njia nyengine asubuhi, dirishani, na yeye hakusikia ni ipi. Abrahman kasema si yeye aliyemwambia. Kisha kasema labda ni yeye. Pikipiki moja imekwenda kaskazini, moja kusini.

Sina kazi ya kufanya. Ndiyo maana nnaandika hapa kwenye benchi la geti.

Saa kumi kasoro

Kaja Mwanapili, mke wa Usi, na bakuli la wali limefungwa kitambaa. Usi kaondoka bila kula, kasema, na saa nane ndiyo saa yake ya kurudi. Kakaa mwisho wa benchi. Kaniuliza hali ya Mwanamkasi. Kaniuliza watoto.

Kisha kasema, "Shemeji, hii gari waliyompa sasa, nzima?"

Swali hilo ndilo kazi yangu. Nimelijibu miaka minne, kwa kila gari ya serikali ya kisiwa hiki, kwa neno moja.

Nimemwambia sijui. Kaona haya, kadhani kaniuliza jambo la ofisi. Kasema samahani. Sikuweza kulichukua samahani lile. Nikamweleza. Kopo, mpira, moto, gari tano. Nikamwambia mafuta nimetia mimi, mkono wangu huu. Nikamwambia mumewe alisema kweli tangu siku ya kwanza, na mimi nilimwandikia uongo.

Kaliweka bakuli katikati yetu, kasimama, kaenda kusimama getini, buibui kalishika kifuani.

Kauliza bila kugeuka, "Namba tisa imeandikwa wapi, mbele au ubavuni?"

Mbele, nimemwambia. Juu ya kioo, rangi nyeupe.

Yeye hajui kusoma vizuri. Kaniomba nije nisimame naye.

Nimesimama. Nnaandika daftari limeegemea nguzo. Gari zinakuja kutoka upande wa Amani, vumbi tupu, na kila inayotokeza mimi nnamtajia namba.