Akikosa, Aulizwe Kwanza

Mama Moraa wangu,

Asubuhi hii ukungu umeketi juu ya majani ya chai kama ulivyokuwa ukiketi wewe barazani, bila haraka ya kwenda popote. Nimeutazama mpaka kikombe changu kikapoa. Nilidhani nimekusikia ukicheka humo ndani. Pengine ni ndege tu. Lakini sababu ya kunicheka unayo, ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka siku tulipompa Ondieki kile kipande cha chini, karibu na mto, akilime na kutulipa kodi? Mimi, karani wa kanisa, ninayejiona bingwa wa kalamu, nilisema wakili wa nini. Nikaandika mkataba mwenyewe, nikausoma kwa sauti ya mahubiri: "Mkodishaji akikosa kulipa kodi, atatoka shambani mara moja."

Ulishika tumbo kwa kicheko. Huku kwetu Sironga mwenye shamba anakodisha, na anayelitaka anakodisha vilevile. Neno ni hilo hilo. "Baba Moraa," ukasema, "umejifukuza kwako! Sasa utalala wapi?" Ondieki akacheka mpaka uji ukampalia.

Nikaandika upya, safari hii kwa jina lake. Hapo ukanigusa mkono. "Ongeza: kabla hajatoka, aulizwe kwanza."

"Aulizwe nini?"

"Wewe andika tu. Siku hiyo utajua."

Siku yenyewe ilifika. Tangu tukuzike, Ondieki hakuleta kodi. Msimu ukapita, na akiniona njiani anakata kona. Moraa wetu akanipigia simu kutoka Kisii: "Baba, mkataba ni mkataba. Amekosa, atoke. Kuna mtu yuko tayari kulichukua wiki hii." Binti yako ana ulimi wako, ila kicheko bado hajakirithi.

Nilikaribia kumwambia sawa. Ningemng'oa mtu kwenye michai aliyoipogoa kwa mikono yake, inayomsomeshea watoto. Ni ule mstari wako ulionizuia. Jana nikateremka, nikamkuta akichuma.

"Ondieki, nimetumwa nikuulize."

"Na nani?"

"Na mama."

Akatua kikapu chini. Pesa anazo, akasema, amezifunga kwenye kitambaa. Zaidi ya mara moja amefika langoni, akaona kiti chako kitupu, akarudi. "Kodi nilikuwa nampa mama, naye ananipa uji. Sasa sikujua nimpe nani." Halafu akanitazama. "Na wewe, Baba Moraa, kuna mtu amekuuliza?"

Pole nimepewa nyingi. Kuulizwa, hapana. Tukasimama pale, wanaume wazima, tukipangusa nyuso na kusingizia ukungu, na jua lilikuwa linawaka.

Jioni alikuja na kitambaa chake. Uji nilipika mimi. Madonge yake ungeyacheka mpaka Sabato. Maskini, aliumaliza wote. Moraa nimemwambia yule mtu wake atafute shamba kwingine.

Leo nimeitoa ile karatasi ya kwanza, yenye kosa, nikaisoma polepole. Mkodishaji akikosa... Siioni tena kama kosa. Mwenye shamba naye amekosa, Mama Moraa. Amekukosa wewe.

Ukungu unaanza kupanda. Nenda nao taratibu, usijikwae kwenye michai.

Ni mimi, mkodishaji wako,
Baba Moraa