Goti Langu, Mzigo Wako

Chumba cha uani,
Jumatatu asubuhi, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kiberenge,

Kabla hata sijakusalimu, nikuambie nilichokuficha, maana nikianza na salamu nitazunguka kama nilivyozunguka miaka hamsini na miwili. Goti langu la kushoto lilikuwa gonjwa miezi saba kabla ya Jumamosi ile uwanjani. Daktari alikwishaniambia. Wewe sikukuambia.

Sasa salamu. U hali gani? Shemeji yangu, kifua chake kimetulia? Mimi nipo, ila moyo umechoka, na daktari hanifichi kwamba siku zilizobaki ni chache. Binti yangu alitaka nimtajie maneno yeye aandike. Nikakataa. Vidole vinauma, lakini barua hii lazima itoke kwenye vidole hivi hivi.

Mafuta ya kuchua yamefika, pamoja na bandeji ya goti. Hujakosa hata mwaka mmoja. Na kila mwaka nimekuandikia asante, nikayaweka kabatini, nikajiona mwizi.

Siku hizi nakumbuka sana kiwanja chetu cha nyuma ya kiwanda cha uchapaji, harufu ya wino, na vipande vya karatasi vikipeperuka hadi golini. Unamkumbuka fundi cherehani, kocha wetu, alivyotushonea jezi kwa masalio ya mapazia ya maua? Wapinzani wakatubatiza Madirisha. "Leo tunawafungua mapema!" walikuwa wakipiga kelele. Nawe ukawajibu, "Fungueni tu, ndani mtamkuta kaka yangu!"

Sheria ya fundi ilikuwa moja: ndugu wa tumbo moja wasicheze upande mmoja mazoezini, maana watapasiana wao kwa wao hadi giza liingie. Kwa hiyo kila jioni ulinijia wewe winga, nami beki nikakungoja. Sijapata kupenda kitu duniani kama kukuona ukija, bega moja limeinama, ulimi nje, vumbi nyuma yako. Ukinipita nilikasirika kwa uso tu. Moyoni nilikuwa nacheka.

Sasa nikueleze lile beseni. Ulikuwa ukinikuta alfajiri nimetia mikono kwenye maji ya moto, nikakuambia nafua soksi. "Kaka, hizo soksi zina dhambi gani hata zioshwe kila siku?" Mdogo wangu, hapakuwa na soksi. Vidole vilikuwa vimekakamaa hata sikuweza kufunga kamba za viatu, wala kushika chaki darasani. Baadaye goti nalo likaanza kuvimba.

Daktari aliniambia ni baridi yabisi, ya kuishi nayo maisha yote. Akaniambia pia nisiache kujongea, nicheze kwa kiasi na nipumzike inaponizidi, kwa kuwa kiungo kisichotumika hukaza kama mlango uliovimba kwa mvua. Hilo la pili sikulisikia. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu mpya, beki wa kutegemewa, na nimepewa ugonjwa wa vikongwe. Niliona aibu kama mtu aliyekamatwa akiiba.

Kisha ikaja Jumamosi ile. Watu wa timu kubwa walikuwa waje kukutazama wiki iliyofuata. Ulikuja na mpira kama kawaida, ukakata kushoto, nami nikaanguka. Nahodha akaja mbio, "Wewe mtoto, umemvunja kaka yako!" Ukapiga magoti vumbini. "Kaka, nisamehe, sikukusudia, kaka." Nililishika goti, nikanyamaza.

Wiki iliyofuata wale watu walipofika, wewe ulikuwa jikoni unachemsha maji ya kunikanda. Fundi alikuja kukubembeleza mara mbili. "Kiberenge, mwanangu, ya uwanjani yaishie uwanjani." Ukamwambia mguu wako hautagusa mpira tena. Mlango wa chumba changu ulikuwa wazi. Nilisikia kila neno, nikageukia ukutani.

Maana kuvunjwa goti uwanjani kulikuwa heshima. Wanafunzi walinong'ona kwamba mwalimu alikuwa beki hodari, akaumizwa. Hadithi hiyo ilinifaa, nikaivaa kama koti. Uliyelipia koti ni wewe.

Miaka miwili hii nina mtaalamu wa viungo, binti mwenye mikono migumu kama ya mwashi. Hunisimamisha kutoka kitini mara kumi, kisha tunatembea ukumbini na kurushiana kimpira cha sponji. Nilipojisifu kwamba nilicheza beki, akasema, "Babu, ulikuwa beki au mlango? Haya, geuka!" Kanuni yake ni kwamba goti likiuma kidogo tuendelee, na likiuma hadi kesho yake mchana, basi tumezidisha. Baada ya miezi mitatu nilifika getini na kurudi bila fimbo. Akasema kama ningeanza ujanani, huenda ningecheza miaka mingi. Nilicheka, halafu nikalia mbele yake bila haya.

Mwanao aliniambia kwa simu kwamba watoto wakicheza mpira nje, wewe hufunga dirisha. Ndiyo sababu ya barua hii. Usilifunge tena, nakusihi. Na kama mikono yako nayo imeanza kukaza asubuhi, usiufiche ugonjwa huu kama mimi. Nenda ukaonwe, kisha utoke utembee.

Najua utakavyonipinga, maana nakujua: utasema goti lilikuwa gonjwa, sawa, lakini mguu wako ndio uliomalizia.

Msalimie shemeji, mwambie namshukuru kwa kunitunzia ndugu. Mwanao na wajukuu wote wape mikono yangu. Shangazi bado yupo, haoni vizuri lakini anagombana vizuri, naye anakusalimu. Mungu akujalie asubuhi zisizouma.

Ni mimi kaka yako, niliyekupenda vibaya lakini sana,

Beki

Nimeshatia sahihi na bado sijalisema lenyewe. Jumamosi ile, ulipokata kushoto, niligeuka kukufuata, goti likakataa, nikaanguka peke yangu. Ulikuwa umeshanipita hatua mbili nzima, ukageuka kwa sababu ya ukelele wangu. Mdogo wangu, hukunigusa.