Cheusi, Cheupe na Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Tumevipata! Vifaa viwili vya kielektroniki vya kusomea vitabu, vya Mama kujaribu juma moja. Muuza duka katuambia tununue kimoja, kingine kirudi Jumatatu ijayo kabla ya saa kumi. Cheusi ni chaguo la wifi yangu — yeye muuguzi, anacho kama hicho, hukisoma zamu ikipoa. Cheupe ni changu. Mimi fundi wa kujalidi vitabu, gundi haiishi kuchani, leo nasifia kitabu kisicho na uzi wala jalada. Mama mkwe kanitazama weee, kisha kasema nimejiletea mke mwenza kazini.

Nifanyeje? Tangu kiharusi kimlegeze mkono wa kushoto, miezi mitano sasa, kitabu hakimkai. Nilidiriki hata kukata riwaya yake nene vipande vinne na kuvishona upya. Alisoma kurasa mbili, kikamponyoka. Akaomba redio. Mama, kuomba redio!

Jumanne, 4 Machi

Herufi tumezikuza mpaka zimekuwa kama za bango. Mama kafurahi. Ila Cheusi ni cha kugusa kioo, na vidole vyake vikavu. Kioo hakimsikii. Kikimsikia, kinaruka kurasa tatu. Cheupe kina kitufe ubavuni: dole gumba tu, ukurasa umegeuka. Kaanza hadithi fupi humo, kamaliza mbili kabla ya chakula.

Nilijitahidi nisimtazame wifi. Nikashindwa.

Alhamisi, 6 Machi

Wifi kalipiza.

Kabla hajaugua, Mama alikuwa amesoma sehemu mbili za hadithi ya mpelelezi mmoja. Sasa anataka ya tatu, hataki kusikia jingine. Nimechakura lote duka la vitabu lililomo ndani ya Cheupe: kufuga kuku, kufuga nyuki, kutuliza hasira. Ya tatu hakuna. Duka la Cheusi — ipo, na ya nne juu yake!

Nikajiona mjanja: tuinunue kule, tuihamishie huku. Muuza duka kanieleza kwenye simu, kwa upole, kwamba haiwezekani. Vitabu vya duka lile havifunguki kwenye kifaa cha duka jingine. Kila mwamba ngoma.

Wifi alikuwa anamenya vitunguu huku anaimba. Nani huimba akimenya vitunguu?

Jumamosi, 8 Machi

Sehemu ya tatu imenunuliwa, ndani ya Cheusi. Wifi kakaa kitandani kumgeuzia Mama kurasa. Nami nikaja na ushonaji wangu, mwisho tukawa tunasoma kwa sauti kwa zamu. Raha tupu! Mpaka mpelelezi akabaki ghalani na mjane mmoja, mlango umefungwa.

Mama kasema:

"Tokeni. Yamo mambo humu siwezi kuyasoma mbele ya wanangu."

Sindano ikanidondoka. Tulicheka hadi Mama akashika mbavu.

Jikoni wifi kawa mpole ghafla. Kanikumbusha kwamba tangu augue, Mama amekuwa akitusihi tusitoke chumbani. Leo ndiyo mara ya kwanza ametufukuza. Machozi yakamlengalenga, nikampa pindo la kanga yangu. Vitunguu havikuwapo.

Halafu kasema basi, kibaki Cheupe, Mama asome bila kumtegemea mtu. Nikamwambia thubutu — mpelelezi je? Kibaki Cheusi! Sasa tunabishana kinyumenyume.

Jumapili, 9 Machi

Mama kalamba kidole, kama alivyozoea kwenye karatasi. Kioo kikatii! Ukurasa mmoja, mmoja tu. Wifi muuguzi kageukia ukutani asione.

Yaani sasa vyote viwili anaviweza. Tumerudi tulipoanza.

Jumatatu, 10 Machi

Saa tisa na robo. Muuza duka ameshapiga simu. Maboksi mawili mezani, matupu. Mama amejifungia chumbani na Cheusi na Cheupe.

Wifi kagonga, kambembeleza achague, muda unakwenda.

"Subirini sura iishe."

Wifi kauliza, sura ya kipi? Tukamsikia tu anacheka huko ndani, peke yake, kile kicheko chake cha zamani kinachoishia kwenye kikohozi.

Wifi kaketi sakafuni, mgongo mlangoni. Nami nimekaa hapa na kalamu. Saa tisa na nusu sasa. Simu inaita tena. Tunatazamana — hakuna anayeinuka.