Zamu ya Kugawa Karata

Mchinga, Ijumaa, mwezi wa Shaabani

Mjukuu wangu Salumu,

Marahaba, salamu zako zimefika. Mama yako hajambo, na mihogo imeshika. Rafiki yangu Mzee Mussa tulimzika wiki jana, na swali lako limenikuta namwaza yeye.

Unauliza, zamu yako ya kugawa karata ikifika, utaje mchezo upi: wa juu, ambapo mwenye karata kubwa huchukua dau lote, au wa juu na chini, ambapo mwenye kubwa na mwenye ndogo hugawana.

Enzi za Mjerumani, Maji Maji ilipokwisha, tulicheza barazani kwetu kwa komwe za bao, si kwa fedha. Nilipenda mchezo wa juu, maana nilikuwa na bahati. Mussa, aliyebaki peke yake kwao, alipata karata ndogo kila siku.

"Mussa, hizo mbili na tatu zimekuposa," binamu yangu Hamisi alimtania.

"Basi nakwenda nazo nyumbani," akasema, akainuka.

Nyumbani kwake hapakuwa na mtu. Zamu ilikuwa yangu. Nikasema, "Keti, ndugu yangu. Sasa ni juu na chini."

Akaketi. Mimi nikapata ree mbili, karata kubwa kuliko zote, yeye takataka zake zilezile, tukagawana komwe nusu kwa nusu. Akacheka, mara ya kwanza tangu vita. Kesho yake tulimkuta ametutangulia, anafagia baraza.

Tangu siku ile komwe zangu zilipungua, mjukuu wangu, wala sikuzijutia. Unikumbuke katika dua zako.

Babu yako