Mlangoni kwa Kungwi

Mjukuu wangu na mke mwenzangu Mwanaidi,

Marahaba, salamu zako zimefika. Huku Mbagala hatujambo, na mama yako ameacha kukohoa.

Uliuliza kama naona vibaya kazi yako ya blokcheni, lile daftari la kwenye kompyuta, ya kuficha siri za watu. Mwanzoni niliogopa. Ila uliponieleza kwamba mtu huthibitisha analijua jambo bila kulitaja, nikakumbuka mlango mmoja.

Nilikuwa nimeolewa karibuni, mgeni hapa. Binti wa wifi yangu alikuwa ndani akichezwa unyago, nami nilitaka kuwa naye. Kungwi akanizuia.

"Umechezwa wewe?"

"Ndiyo."

"Kila mtu husema ndiyo," akajibu, wanawake wakacheka.

Asiyechezwa haingii, na kama ningerudishwa wakwe wangeniona mtoto. Lakini maneno ya unyagoni hayatamkwi nje, na wanaume walikuwa barazani wakisikiliza.

Kungwi hakutaka niyatamke. Alipiga ngoma ya wimbo mmoja wa unyagoni, akaikatisha, nami nikamalizia kwa makofi. Akabadili wimbo, akakatisha pengine. Aliendelea hivyo mpaka akaridhika kwamba sibahatishi. Barazani walisikia ngoma na makofi tu.

"Pita, mwenzetu."

Usiku ule niliandika kwenye shajara yangu neno moja: Nimepita.

Kwa hiyo nimetulia, mwanangu. Majirani wakiniuliza kazi yako huko ughaibuni, nawaambia wewe ni kungwi wa mlangoni. Mume wetu, babu yako, hadi leo huuliza yale makofi yalikuwa na maana gani. Namwongezea chai.

Mola akulinde,
Bibi yako