Dawa ya Shemeji Aliyomezeshwa Mdogo Wetu

Nyumba za Watumishi wa Maabara,
Ghorofa ya Pili, Chumba cha Pembeni.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu. Natumaini mgongo wako umetulia, na kwamba wifi na watoto hawajambo. Sisi huku tunapumua. Mama presha yake imeshuka kidogo. Mimi mafua yameniandama, lakini kazini nakwenda hivyo hivyo.

Uliwahi kuniuliza kwenye simu ninafanya nini hasa huko maabara, nikakujibu juujuu kwa kuwa ulikuwa unakula. Leo nakueleza vizuri, maana inakuhusu. Tunachunguza klamidia, ugonjwa wa zinaa. Bakteria wake hawaoti kwenye sahani za maabara kama wengine. Hukua ndani ya seli hai tu. Basi kazi yangu ni kuzilea hizo seli: kuzilisha, kuzibadilishia maji, kuzitunza kwenye joto la mwili, iwe sikukuu iwe siku ya kazi. Wenzangu wananiita Yaya. Zikishanawiri, mtafiti wetu anaziambukiza. Kijidudu kinaingia kikiwa kidogo kupita kiasi, kinajibadilisha humo ndani, kinajigawa na kuzaana mpaka seli inajaa na kupasuka, kisha wanawe wanakwenda kuvamia za jirani. Ni kazi ya siku mbili tatu, na mwenye mwili hana habari.

Hilo la mwisho ndilo nataka ulishike. Wengi hawaumwi chochote, wanaume kwa wanawake. Kipimo ndicho kinachoona: mkojo kidogo, au ute kwenye pamba, na mashine inatafuta alama za kijidudu. Dawa ipo na inaponya. Lakini dawa haifuti kovu lililokwisha kukaa kwenye mirija ya uzazi. Kwa nini mwanamke huyu anapata kovu na yule hapati, hicho ndicho tunachokitafuta mpaka leo.

Sasa mdogo wetu. Mwaka juzi, akiwa bado bi harusi, alipimwa kliniki akakutwa nayo. Mumewe alisema kazi haimruhusu kwenda, kwa hiyo daktari akatoa pakiti mbili za vidonge, moja ya mke na moja ya mume. Mama mkwe akazikuta mezani. Kwa yule mama, ugonjwa wa huko chini ni wa mwanamke, na dawa yake ni dawa ya kizazi. Mwanaume akiimeza ataharibika. Akamsimamia mkwewe akameza pakiti zote mbili, ya kwanza mpaka ikaisha, kisha ya pili, ili mjukuu aje haraka. Tena kwa mapenzi, Kaka, anamshikia na kikombe cha maji. Shemeji alikuwa papo hapo anafunga kamba za viatu.

Basi mdogo wetu akapona, na mumewe akamwambukiza upya. Hakujua. Hakuna kilichomwuma mpaka mwaka jana tumbo lilipomshika na homa ikapanda, tukamkimbiza hospitali. Daktari alipomwuliza kuhusu ile pakiti ya mume, akaeleza yote bila hata kuona kosa liko wapi. Nilikuwa nimesimama pembeni ya kitanda, sijui nicheke au nilie. Shemeji aliandikiwa dawa yake mwenyewe. Akasema yeye mzima, haumwi, vidonge vya kazi gani? Mirija yote miwili ya mdogo wetu imeziba.

Alipotoka hospitali alipita kazini kunisubiri, akaniona kupitia kioo cha mlango nikizihudumia zile seli. Akaniambia, "Kumbe na wewe dada unawafuga wadudu hawa. Tena wa kwako wanatunzwa."

Na wewe je? Wewe ndiye uliyetuletea shemeji, rafiki yako wa shule, ukatuapia kwamba unamjua nje na ndani. Kwao walipokupigia kusema tumewapa mwanamke tasa, tena mwenye ugonjwa wa kihuni, ulimpigia mdogo wetu siku hiyo hiyo. Si kumpa pole. Ulimwambia aombe radhi, asituaibishe. Hukumwuliza neno hata moja. Na mimi hukuniuliza, wakati ndiyo kazi inayonilisha! Nimekukasirikia, Kaka, nisikufiche. Nimekukasirikia mpaka barua hii nimeichana mara mbili.

Amerudi nyumbani na masanduku yake. Jumamosi wanakuja kwenye kikao cha kuvunja ndoa, wakisema wewe umesharidhia. Sawa, ivunjike, hata mwenyewe harudi kule. Lakini wameshapeleka posa kwingine, kwa binti wa fundi cherehani wa mtaa wa pili, na shemeji hajameza kidonge hata kimoja. Mdogo wetu alikwenda kwa miguu yake kuwaonya. Mama wa binti akamfungia mlango, akamwambia wivu utamwua. Mimi nikienda nitakuwa dada wa mwenye wivu.

Wewe watakusikiliza. Ni mwanaume, na ni rafiki wa bwana harusi. Mpigie kabla ya Jumamosi, umwambie akapime na ameze dawa yake kwa mdomo wake. Akikataa, mpigie huyo fundi, umweleze kama mzazi kwa mzazi. Usiniambie unaona haya. Aibu yote alibebeshwa mdogo wetu peke yake, na sote tulimwangalia.

Mama anakusalimu sana. Shangazi anakusalimu, anasema usikae umeinama. Baba mdogo naye anasema umemsahau. Msalimie wifi na uwabusu watoto. Mungu akulinde huko uliko, na wiki hii akupe ulimi mwepesi.

Mdogo wetu nilimwuliza kama nimwandikie salamu zake. Alikuwa anakunja nguo, hakugeuka. Akasema salamu kwa sasa hana, ila ana swali: binti yako mkubwa, ungemwoza kwa huyu rafiki yako?

Wako akupendaye, na leo kwa shida,
Dada yako Yaya