Vibao vya Bustani ya Mama

Tunduma, 11 Mei 1998

Dada yangu Tabita,

Poleni na baridi ya huko Ibaba. Mimi mgongo unauma kwa kubeba mifuko ya saruji, lakini nakula.

Nyuma ya chumba nilichopanga nimepanda mchicha, figili na mrehani. Kila mmea nimeuwekea kibao cha bati chenye jina lake, na siku niliyoupanda nimeiandika daftarini. Jirani yangu Mwanakombo alinicheka: "Kaka Andongwisye, hata mchicha una cheti cha kuzaliwa?" Nilicheka naye, maana hapa sina mtu wa kumweleza.

Wewe unajua. Mama alipolazwa nilipalilia bustani yake ili nimfurahishe, nikaing'oa ile dawa ya kifua aliyoachiwa na bibi, nikidhani ni magugu. Mama aliporudi alisema tu, "Umelima vizuri, mwanangu." Wewe ukasema mgeni ndiye hulima hivyo. Huu mwaka wa tatu sijarudi nyumbani.

Nasikia macho ya mama yanafifia. Nakuomba utembee naye bustanini, aguse kila mmea na kukutajia jina na kazi yake, nawe uandike. Vibao thelathini nimempa dereva Yahaya akuletee.

Nataka kuja Agosti. Ukininyima jembe sitakasirika, nitakaa tu na mama. Lakini usimwambie kwamba nakuja, mpaka wewe mwenyewe uwe umekubali.

Mdogo wako,
Andongwisye